Hoteli ndogo Pangani: naingiaje Google, Kayak na trivago tukaonekana mpaka bei?

BintiMwera

Habari zenu wadau.

Naendesha nyumba ya wageni ya familia, vyumba tisa, Pangani mjini, ng'ambo hii hii ya mto, siyo ufukwe wa Ushongo ulio ng'ambo ya pili. Alijenga baba mkubwa. Sasa hivi yeye yuko Muheza na machungwa yake, mimi kaniachia funguo na bili za umeme. Vyumba vyote vina feni na neti, viwili vina AC, maji ya moto ni ya sola. Chumba cha wawili Sh 120,000 na chai ya asubuhi imo: mayai, maandazi, matunda, na mbaazi za nazi kwa anayezijua.

Wageni wetu ni wa aina mbili. Kuna watumishi wa semina na mafundi wa barabara. Hao wanapiga simu, wanataka risiti ya EFD, mambo yameisha. Halafu kuna wazungu wanaoshuka kutoka Lushoto wakitafuta boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe, au wanaulizia kasa. Hao ndio wanaonipita mlangoni. Juzi Mjerumani mmoja alinionyesha simu yake. Katafuta hoteli za Pangani kwenye Google, ramani ikamletea za Ushongo, kila moja bei yake imekaa juu ya ramani kabisa. Sisi hatumo. Akavuta ramani, akavuta tena, ndipo tukajitokeza: jina la kabla ya ukarabati, pini iko katikati ya mto, na picha moja tu, ya sahani ya pweza ambayo sijui nani aliipiga. Bei hakuna. Yeye mwenyewe kaletwa na bodaboda.

Booking.com tupo. Alitusajili kaka yangu, mtoto wa huyo baba mkubwa, kabla hajaenda Muscat. Nenosiri analo yeye na hujibu akipenda. Kule tunaitwa "Beach Lodge", kwenye bango "Cottages", kwenye leseni "Guest House".

Sasa kuna kijana Tanga anasema atatuingiza "mitandao yote 40", Kayak na trivago zikiwemo, kwa Sh 850,000 malipo ya mara moja. Baba mkubwa amevutiwa. Mimi moyo unasita. Nikifungua hizo Kayak na trivago sijui hata nianzie wapi. Waliopita njia hii naomba mnielekeze.

Nawasilisha.

MzeeWaPantoni

Binti, hiyo mitandao ni kuwatajirisha watu wa Ulaya. Mgeni wa Pangani anashuka stendi, anauliza, anapelekwa. Chora bango jipya uliweke njia ya kuingilia mjini, mpe bodaboda buku mbili kwa kila kichwa atakachokuletea. Mimi samaki wangu nauza miaka yote na Google hainijui.

DadaMapokezi

Mdogo wangu, la bodaboda mzee kasema kweli, lichukue. Lakini huyo anayeshuka kutoka Lushoto huamua pa kulala akiwa bado Lushoto, kajilaza na simu. Akifika stendi ya Pangani keshapanga kwingine.

Mimi nilianzia mapokezi Jambiani, nikahamia ofisi ya bukingi, siku hizi nazisaidia nyumba ndogo za pwani na visiwani. Jambo ambalo kijana wa Tanga hatakwambia ni hili: Kayak, trivago na ile ramani ya hoteli ya Google haziuzi chumba. Zinachukua bei kwa wauzaji, akina Booking.com, Agoda na Expedia, au kutoka kwenye mfumo wa hoteli yenyewe, zinazipanga pamoja, na mgeni akibonyeza zinampeleka kwa muuzaji. Kayak ni mali ya Booking Holdings, kampuni hiyo hiyo yenye Booking.com, Agoda na Priceline. trivago hisa zake nyingi ziko kwa Expedia Group, wenye Expedia na Hotels.com. Kwa hiyo ukiipepeta hiyo "mitandao 40" utabaki na kampuni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mojawapo tayari umo.

Ukiwa ndani ya Booking.com sawasawa, chumba chako kinaweza kutokea Kayak bila wewe kusaini kitu. Hata Agoda unaweza kukuta kinauzwa, maana hao ndugu wanapeana vyumba. Mhudumu wako wa zamu ya usiku mwambie mapema, asije akamrudisha mtu aliyeshika karatasi ya Agoda kwa sababu "hatuko huko".

Sasa kwa nini hutokei na Booking.com upo? Kwa sababu Google haijui kama ile hoteli ya Booking.com na ile iliyo mtoni ni moja. Inalinganisha jina, anwani, simu na mahali pini ilipo. Kwako jina la huku siyo la kule, simu naapa ni ya kaka yako, na pini iko kwa mamba. Inachoona ni hoteli mbili: moja ina bei lakini haijulikani ilipo, nyingine ina mahali lakini haina bei. Ukiziunganisha hizo mbili, kazi kubwa umeimaliza, na haigharimu hata shilingi.

Anza na jina. Chukua lililo kwenye bango, kwa sababu Google wenyewe wanataka jina liwe lile mgeni analoliona akifika mlangoni. Usiliongezee mapambo ya "bei nafuu" wala "karibu na bahari". Liandike herufi kwa herufi namna moja kila mahali: Booking.com, ramani, Tripadvisor, Facebook, Instagram. Simu iwe moja, ya hotelini, ianze na +255. Anwani tumia ile ya anwani za makazi za 2022, jina la barabara na namba iliyo kwenye kibao cha nyumba. Kama kibao kimebanduka, ofisi ya mtaa wanaweza kukutazamia kwenye NaPA, mfumo wa serikali wa hizo anwani. Leseni ikibaki na "Guest House" si tatizo la ramani, lakini siku mtu akikutaka uthibitishe umiliki itakusumbua, kwa hiyo mkienda kuhuisha msawazishe.

Kisha pini. Simama mlangoni pa mapokezi, siyo uani, fungua ramani kwenye simu, kandamiza kidole hapo ulipo mpaka pini idondoke. Zitatokea namba mbili ndefu. Pangani ya kwanza huanza na -5.4 na ya pili 38.9. Ziandike daftarini, na hizo hizo ndizo zitakazokwenda Booking.com.

Halafu udai ule ukurasa wa Google. Tafadhali usifungue mpya wakati wa zamani upo, utajikuta na kurasa mbili na maoni yamebaki kwenye ule wa mtoni. Fungua huo huo wa zamani, shuka chini, kuna mahali pa kusema biashara hii ni yako. Watakutaka uthibitishe, na siku hizi mara nyingi ni kwa video. Iwe video moja isiyokatwa wala kuhaririwa. Anzia barabarani, njia ionekane na duka la jirani lionekane, njoo mpaka kwenye bango, fungua mlango kwa funguo zako mwenyewe, ingia mapokezi, pitisha simu kwenye leseni iliyo ukutani na mashine ya EFD, fungua chumba kimoja, basi. Sura za watu zisiwemo, wala daftari la wageni lisiwe limefunuliwa. Funguo ndiyo sehemu muhimu, ndiyo inayoonyesha kwamba wewe si mpita njia. Na mwambie kijana wa usafi azime redio, nimeshaona mtu anarudia video kwa sababu ya taarabu ya jirani. (Si kwamba Google inachukia taarabu, yeye mwenyewe alicheka katikati akaacha kurekodi.)

Kuhusu 850,000: kujisajili Google ni bure, Booking.com ni bure mpaka uuze, Tripadvisor ukurasa wa kawaida ni bure. Fedha si hoja kubwa kuliko hii: huyo kijana atasajili kwa barua pepe yake. Mkikosana mwakani hoteli yako mtandaoni iko mikononi mwake. Una kaka Muscat, inatosha.

BintiMwera

Dada Mapokezi Mungu akubariki, nimesoma nikiwa nimesimama.

Kaka kajibu, tena kwa ukali, eti "kwani kuna shida gani". Shida ni kwamba kila nikijaribu kuingia namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu yake ya Oman. Nimejaribu kutazama hoteli yetu kama mgeni wa kawaida, nikaweka tarehe za Desemba: inasema hakuna nafasi. Vyumba vyote vitupu! Tarehe za mwezi huu ndiyo vinatokea. Hiyo ni nini tena?

Na kaka anasema tukubali Genius, ule mpango wa Booking.com wa punguzo kwa wateja wao, na punguzo la wanaotumia simu, kwamba ndivyo tutakavyopanda juu. Nikubali?

MtuWaMida

Dadangu wa Pangani, salamu kutoka Watamu. Mimi nina nyumba nne za wageni upande wa Mida Creek, kwa hivyo tunafanana. Hayo ya ramani umeshaelezwa vizuri, mimi niongezee picha na wezi.

Picha ya kwanza usiweke machweo. Pwani nzima kutoka Lamu mpaka Mtwara ina machweo. Mgeni anayetafuta chumba anataka kuona kitanda na neti imetandazwa, isiwe imefungwa fundo juu kama mzigo wa kuni. Piga mchana, madirisha wazi, taa zimewashwa. Ya pili piga bafu, na bafu lipigwe kikavu, ndoo na fagio vitolewe. Mimi nilipoweka picha ya bafu lenyewe, na kichwa cha bomba la mvua kinaonekana, maswali ya "je, kuna maji ya moto?" yalipungua sana. Ya tatu ni mahali pa kulia chakula kukiwa na chakula. Hiyo pweza usiifute, ni ya mgeni na huwezi kuifuta vilevile, lakini ukiweka zako nyingi yenyewe itashuka.

Maoni yajibu yote, hata ya nyota mbili, kwa sentensi tatu na bila hasira. Mgeni akiondoka akiwa amefurahi mwombe pale pale aandike kwenye Google. Siku hizi kuna wanaouliza ChatGPT mahali pa kulala, na tangu Oktoba 2025 Booking.com na Expedia wameanza kuingizwa mle ndani, kwa hivyo jina likiwa linatajwa vizuri huku nje huko nako utapata.

Wezi sasa. Ukishatokea utaanza kupokea barua pepe zinazojifanya Booking.com: mgeni amelalamika ameumwa na kunguni, bonyeza hapa uone lalamiko kabla akaunti haijafungwa. Moyo utadunda. Usibonyeze. Nyingine hukuonyesha ukurasa wa kuthibitisha kwamba wewe si roboti, halafu wanakwambia unakili maneno fulani na uyabandike kwenye kompyuta. Ukifanya hivyo wameingia, na kazi yao ya kwanza ni kuwaandikia wageni wako wote wakidai walipe upya. Lalamiko la kweli utalikuta ukiingia mwenyewe kwenye akaunti kwa kuandika anwani kwa mkono. Wafundishe na wa zamu ya usiku, maana hizo barua zapenda sana kuja usiku.

MzeeWaPantoni

Kunguni wa kwenye kompyuta. Mimi naendelea na samaki.

DadaMapokezi

Haha mzee, na wewe tutakusajili.

BintiMwera, tuanze na kaka. Asikupe nenosiri lake, huo ndio mtego mnaokaa nao. Akiwa huko huko Muscat aingie kwenye akaunti ya hoteli, sehemu ya watumiaji, akuongeze wewe kwa barua pepe yako na simu yako, akupe mamlaka kamili. Namba za uthibitisho zitaanza kuja kwako. Akikataa, baba mkubwa aandike Booking.com kama mmiliki, wataomba nyaraka za umiliki, na hapo ndipo leseni ya "Guest House" itakapokukera. Kwa hiyo mbembeleze kaka kwanza. Mpelekee picha za nyumba ilivyo sasa, watu wa ughaibuni wanalainika kwa picha.

Desemba kutokuwa na nafasi: kalenda haijafunguliwa. Mwenye akaunti hufungua tarehe mpaka kikomo fulani, zikiisha hakuna anayekukumbusha. Google na Kayak huonyesha bei ya tarehe anayotafuta mgeni. Tarehe ikiwa imefungwa huna bei, na kwa mgeni asiye na bei huyo hayupo. Wazungu wa Desemba wanaanza kutafuta mapema sana. Fungua mwaka mzima mbele, na kila mwisho wa mwezi ongeza mwezi mmoja. Ukipata semina ya vyumba sita, funga hivyo sita dakika hiyo hiyo, kabla hujaenda kuchinja kuku.

Sarafu: weka bei kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi, na mgeni hapati shida yoyote, simu yake inamgeuzia kuwa euro yenyewe.

Malipo: kama huna mashine ya kadi, chagua mgeni alipe hotelini. Ile njia ambayo Booking.com wanapokea wao kisha wanakutumia kadi ya mtandaoni inataka mashine ya benki inayoruhusu kuandika namba za kadi kwa mkono, na siyo kila mashine ina ruhusa hiyo. Uliza tawi lako kabla hujakubali. Wa kulipa hotelini ubaya wake ni hawa wasiotokea. Mgeni asipofika ingia siku ile ile uweke alama kwamba hakufika, usipofanya hivyo utadaiwa kamisheni ya mtu aliyelala kwingine.

Sasa Genius. Kaka yako hadanganyi, unapanda. Lakini tupige hesabu ya chumba chako. Tuseme kamisheni yenu ni 15%, angalia mkataba wenu. Chumba cha 120,000 kinatoa 18,000, unabaki na 102,000. Ukiingia Genius unamtolea mgeni 10%, na hiyo 10% ni yako, Booking.com hawachangii. Chumba kinauzwa 108,000, kamisheni 16,200, unabaki na 91,800. Ukiongeza punguzo la wanaotumia simu, 10% nyingine inakatwa juu ya ile iliyokwisha kupungua: 97,200, kamisheni 14,580, mkononi 82,620. Na humo kuna mayai, maandazi, sabuni, umeme wa AC na mshahara wa watu. Na nani siku hizi hatumii simu?

Mimi ningeingia Genius kwa msimu wa mvua za masika, Machi mpaka Mei, wakati vyumba viko vitupu, na punguzo la simu ningeliacha kabisa. Kuna wanaopandisha bei ya awali ili wapunguze vizuri. Inafanya kazi mjini kwenye hoteli 200. Pangani mgeni anakuona wewe na wengine wachache tu, akikuta 145,000 anavuka pantoni.

Kipusa_Arusha

Dada Mapokezi umenigusa kidonda. Mimi niko upande wa pili, kampuni ndogo ya safari hapa Arusha, ninawapeleka watu Usambara kisha baharini.

Kuna hoteli moja ya pwani, sitaitaja, tuliandikiana bei ya wakala Sh 100,000 kwa chumba. Nikaiweka kwenye safari ya wageni wangu. Tuko kwenye gari tunashuka Mombo, mama mmoja kiti cha nyuma anasoma kwa sauti bei ya chumba hicho hicho kwenye simu yake: chini ya laki. Yaani mimi wakala nanunua ghali kuliko mtu yeyote aliyejilaza kitandani na simu. Nilibaki natazama barabara. Ule msimu wote sikuwapelekea mtu tena, na sikuwaambia sababu. Mawakala wengi hawasemi, wananyamaza tu.

Kwa hiyo binti, kabla hujabonyeza punguzo lolote, andika chini bei ya mawakala wako, halafu tazama kama punguzo zote zikirundikana zinaishia chini yake. Kwa hesabu ya hapo juu 97,200 inaniua mimi kabisa. Na usidhani mawakala tunatafuta Kayak. Sisi tunataka karatasi moja ya PDF: bei za msimu, bei ya mtoto, kama dereva ana kitanda, na kama boti ya Maziwe mnaipanga ninyi na inaondoka saa ngapi kwa maji yapi. Hiyo ya maji ni muhimu, Maziwe maji yakijaa mchanga wenyewe unazama, na mgeni wangu kaahidiwa kisiwa. Nitumie karatasi hiyo, nakuahidi nitaisoma. Kitanda cha dereva kikiwepo naisoma mara mbili.

BintiMwera

Kipusa kitanda cha dereva kipo, na chai yake. Nakuandalia.

Wadau, nawaletea mrejesho. Kaka ameniongeza kwenye akaunti (picha zilimliza, dada ulijua). Nimebadilisha jina likawa la bango, simu ya mapokezi, namba za pini nimezipeleka. Video ya Google walikataa ya kwanza, nadhani kwa sababu nilianzia ndani. Ya pili nilianzia barabarani kama ulivyosema, ikapita. Pini imetoka mtoni. Kalenda nimeifungua mpaka mwakani. Bei haikutokea mara moja, ilikaa kimya nikadhani nimekosea, halafu asubuhi moja nikaiona: 120,000, Booking.com, juu ya paa letu. Kayak nako ipo. trivago bado.

Yamebaki mawili. Kwenye Google naona hoteli nyingine zina mstari unaosema tovuti rasmi, mgeni anakwenda moja kwa moja kwao bila Booking.com. Na huo mstari nalipia? Pili, Google imetuandika hoteli ya nyota 3. Hakuna mtu wa wizara aliyewahi kutupangia daraja!

DadaMapokezi

Hongera mdogo wangu. trivago ipe muda, na unaweza kudai ukurasa wenu kule pia, kuna sehemu ya wenye hoteli.

Mstari wa tovuti rasmi: tangu Machi 2021 Google wanaruhusu viungo hivyo bila kulipia. Lakini bei lazima iwafikie kwa mfumo, na tarehe zake, siyo wewe kuandika kwenye ukurasa wa Facebook. Hapo ndipo inapoingia mifumo kama Little Hotelier, Cloudbeds au SiteMinder: wana kitufe cha bukingi cha kuweka kwenye tovuti yako, wanapeleka bei Google, na chumba kikiuzwa mahali pamoja wanakifunga kwingine kote. Mfumo kama huo hulipiwa kila mwezi, na kwa malipo ya mgeni utahitaji pia njia ya kupokea kadi, Pesapal au DPO kwa mfano.

Kwa vyumba tisa na Booking.com peke yake, mimi nisingelipia sasa. Daftari na simu vinatosha. Siku utakapoongeza Airbnb au Expedia, hapo usijaribu kwa daftari, utauza chumba kimoja kwa familia mbili usiku wa Krismasi. Njia ya kupima ni hii: tazama bukingi za mwezi, jumlisha kamisheni uliyolipa. Ikianza kuzidi ada ya mfumo kwa mbali, nunua.

Wanaokupigia moja kwa moja usiwatangazie bei ya chini hadharani, soma kwanza mkataba unasemaje. Ulaya Booking.com waliondoa masharti ya kulazimisha bei za hoteli zilingane na za kwao mwaka 2024 kwa sababu ya sheria za kule, wewe uko Pangani na mkataba wako ni ule uliosainiwa na kaka. Wape kitu kisicho bei: kuwapokea stendi, kuwapangia boti na nahodha unayemwamini, chumba mpaka saa nane mchana.

Nyota: Google huziokota kutoka vyanzo mbalimbali, nyingine hutoka kwa aliyejaza fomu ya mtandao mwingine miaka hiyo. Muulize kaka kama alijiandikia nyota tatu siku ya kusajili, nina wasiwasi naye. Zitoe kwanza kwenye Booking.com, halafu uwaandikie Google kupitia ukurasa wako, sehemu ya msaada, kwamba hoteli haijapangiwa daraja. Usizionee haya kuziondoa. Mgeni wa nyota tatu atakuja kuuliza bwawa la kuogelea liko wapi, na utamwonyesha mto.